Nyumba kwa Jina la Mama

Kadi ilitoka moja, na ilikuwa yangu.

Karani aliisukuma chini ya kioo kwa kidole kimoja, kama mtu anayerudisha chenji, kisha akakunja mikono juu ya meza. Nikaiangalia. Picha yangu ilikuwa pale, bila kilemba kama walivyotaka siku ya kupigwa, nywele nyeupe zimelala upande mmoja, macho yamenitoka kama mtu aliyemulikwa tochi. Nikaisogeza karibu na uso, nikaipeleka mbali, nikasoma jina langu herufi kwa herufi. Halafu nikasubiri nyingine. Tulikuwa wanne, na nilidhani zinatoka kwa zamu, wakubwa kwanza.

Nyuma yangu alisimama mwanangu, fundi wa mageti, ndani ya koti jipya lililombana mabega. Kando yake mkewe, na binti yao ambaye ni somo yangu kwa kuwa tunaitwa jina moja. Na pembeni alikuwepo mkalimani, msichana wa kwetu aliyesoma huko ugenini, tuliyetafutiwa na dalali aliyetuuzia nyumba.

Mwanangu akainama kwenye tundu la kioo akauliza zetu ziko wapi. Mkalimani akageuza maneno, karani akajibu kwa ufupi. Mkalimani akauliza tena, safari hii kwa niaba yake mwenyewe, akajibiwa yale yale. Akatugeukia, uso umempauka.

"Anasema hakuna nyingine."

Hapo sina budi kueleza habari ya majina, maana bila hiyo mtu ataona sisi ni wajinga tu.

Baba yake alipofariki, mwanangu alikuwa bado anavaa kaptula za shule. Arobaini haijafika, shemeji zangu walikuja na gari la kukodi wakabeba kitanda, redio, baiskeli, mpaka mabati mawili yaliyokuwa yameegemezwa ukutani yakisubiri kuezeka jiko. Kilichowashinda ni kiwanja peke yake. Marehemu alikuwa amekiandika kwa jina langu, na wakati ule walimcheka sana, wakasema mke kamkalia kichwani. Mwanangu aliyaona yote, amesimama mlangoni, kashika ufagio ambao hakuna aliyemwambia aushike.

Tangu siku ile kila alichopata alikiandika kwa jina langu. Karakana, jina langu. Mashine ya kuchomelea, risiti ina jina langu. Pikapu ya kupelekea mageti kwa wateja, kadi ya gari jina langu, na mimi hata baiskeli sijawahi kuipanda. Trafiki mmoja alimsimamisha akamuuliza mwenye gari ni nani. Akajibu ni mama. Trafiki akamwambia basi mama yako apunguze mwendo. Mafundi wenzake walimtania kwamba siku akinunua soksi ataniita nije kuweka sahihi. Yeye hucheka tu. Alikuwa akisema ndugu wanaweza kumgombania yeye, lakini hakuna atakayesimama mbele za watu kumshtaki mama mzazi. Na mimi, mbona nifiche, ilinipendeza. Nikipita karakanani vijana walizima mashine na kunisalimia, "Shikamoo, tajiri."

Halafu barabara ikapanuliwa. Ukuta wa karakana ukapigwa alama nyekundu, tingatinga likaja, tukalipwa fidia. Mwanangu hakutaka kwenda kuanza upya huko pembezoni ambako hata nguzo za umeme hazijafika. Alikwishasikia kuna nchi ambayo ukinunua nyumba ya thamani wanayoitaka wao, wanakupa kibali cha kuishi, wewe na familia yako, na kwamba mafundi wa vyuma huko wanatafutwa kama dawa. Fidia ikaungana na pikapu, na mashine, na kiwanja chenyewe. Dalali akapatikana, mtu wa lugha yetu aliyekaa huko miaka mingi. Tulimwita Funguo, kwa sababu katika kila picha aliyotuma alikuwa ameshika bunda la funguo kama mlinzi wa jela.

Siku Funguo alipouliza hati iandikwe jina gani, mimi nilikuwa nimekaa chini, kichwa changu kiko magotini kwa mkaza mwanangu. Yeye ni msusi. Mikono yake ina kasi, mdomo wake hauna. Mwanangu akamjibu dalali kwenye simu bila kufikiri hata kidogo. Nikahisi vidole vimesimama kichwani mwangu.

"Anayetaka kwenda kuishi kule si wewe?" mkewe akamuuliza. "Mbona jina la mama?"

Mwanangu akamwambia asianze mambo ya ukoo. Vidole vikarudi kazini, na msuko uliofuata ulikazwa mpaka nyusi zangu zikapanda.

Sasa turudi kwenye kioo. Karani alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imefungwa kamba, na hakuwa na ubaya wowote. Alieleza taratibu, akimpa mkalimani nafasi. Kibali ni cha mwenye nyumba. Pamoja naye huingia mume wake au mke wake, watoto wake ambao hawajafika miaka kumi na minane, na wazazi wake. Akauliza mume wangu yuko wapi. Nikamwambia alikwishatangulia. Akauliza wazazi wangu. Mkalimani aliona haya kuligeuza swali hilo, nikaona, nikamwambia mwambie nao walitangulia, nami niko njiani. Akauliza watoto.

Nikamshika mwanangu mkono, nikamvuta mbele. "Huyu hapa."

Karani akanyanyua macho. Mtu wa miaka arobaini na ushee, ndevu zimeingia mvi kidevuni, mabega yamejaa dirisha zima. Hakucheka. Heri angecheka. Akasema mjukuu hahesabiki, na mkwe hahesabiki. Kisha akapekua karatasi zake akasema kuna njia moja. Mtoto mkubwa huweza kuingia kwa mgongo wa mzazi ikiwa ana ulemavu au maradhi yanayomfanya asiweze kujitegemea. Je, huyu anayo?

Mwanangu aliitazama mikono yake. Nami nikaitazama. Mikono iliyojaa madoadoa ya cheche mpaka viwikoni, inayonyanyua geti la kupitisha pikapu bila kuita msaidizi. Kidole chake cha mwisho cha kushoto hakikunjiki sawasawa, kilibanwa na bawaba zamani. Akauinua mkono ule polepole usawa wa kioo. Akaufungua, akaufunga, akaufungua. Kile kidole kikabaki kimesimama peke yake.

Nikaelewa. Nikashika ukingo wa dirisha. Mtoto niliyemuona akibeba vyuma akiwa na miaka kumi na sita ili tusilale njaa, leo anatafuta namna ya kumwambia mgeni kwamba yeye si mzima. Na binti yake amesimama nyuma anamtazama.

"Shusha mkono, mwanangu," nikamwambia.

Akaushusha.

"Mwambie ni mzima," nikamwambia mkalimani. "Mwambie ni mzima kuliko huo mlango wao, unaolia bawaba tangu tuingie."

Mkalimani alifasiri sehemu ya kwanza tu.

Nje kulikuwa na benchi la chuma chini ya ukuta. Tukakaa wote wanne kwa mstari, kama watu wanaosubiri maiti. Watu walipita na mikoba yao, mwanamke mmoja akisukuma kigari cha mtoto, na mimi nilikuwa nikijiuliza jambo moja tu: katika wanne hawa, asiyetaka kuja alikuwa nani? Mimi. Niliburutwa kwa maneno matamu, nikalia kwenye ndege mpaka mhudumu akaniletea blanketi la pili. Na katika wanne hawa anayeruhusiwa kubaki ni nani? Mwanangu alikuwa akipitisha kidole gumba kwenye kiungo cha benchi, mahali chuma kilipochomelewa, mbele na nyuma, mbele na nyuma.

Tukaenda kwa Funguo. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la miwani, maua ya plastiki mezani, viti vya magurudumu vinavyokimbia ukivikalia. Alisikiliza huku mdomo ukizidi kufunguka.

"Mungu wangu. Mimi nilijua mama ndiye anayehamia, nyie mnamsindikiza," alisema. "Mngeliandika jina la bwana, mke angeingia kama mke, mtoto kama mtoto, na mama angeingia kama mzazi. Wote wanne, asubuhi moja."

"Kila wiki nilikuuliza bei ya mashine za kuchomelea," mwanangu akasema, sauti iko chini kabisa. "Ulidhani mama yangu ndiye atakayechomelea?"

Funguo alisema mteja akimpa jina, yeye anaandika jina. Mwanangu akasema basi mama amgawie nyumba leo hii, yaishe. Haikuwezekana. Nyumba ya kupewa haileti kibali, alieleza, hata iwe kasri. Lazima iwe ya kununuliwa, na fedha ziingie kutoka nje kwa jina la mnunuzi mwenyewe. Njia iliyobaki ni kuiuza, fedha zirudi nyumbani, mwanangu anunue upya kwa jina lake. Kuuza kunaweza kuchukua muda mrefu. Ruhusa ya wageni ya mwanangu, mkewe na binti yao ilikuwa inaisha mwisho wa mwezi ule. Funguo akashauri niweke sahihi, nimpe yeye mamlaka yote ya kuuza, turudi zetu wote tukapumzike.

Kwenye lifti ya jengo letu nilimsubiri mkaza mwanangu aseme. Ile "si nilisema" ilikuwa haki yake, na nilikuwa nimejiandaa kuipokea, shingo nimeiinamisha kabisa. Hakusema. Alifungua mlango, akavua viatu, akabandika maji. Yule karani alinishtua, lakini kimya kile kilinipiga zaidi. Nilienda chooni nikafungulia bomba ili wasinisikie.

Nyumba yenyewe ilikuwa nzuri, sitaki kuidhulumu. Vyumba viwili na sebule, rangi bado inanukia, jiko la kioo lisiloonyesha moto, ambalo siku ya kwanza niliwekea kiganja nikidhani ni meza. Magodoro manne, meza moja, viti vitatu. Mwanangu alitoka kibarazani akashika vyuma vya kuzuia mtu asianguke. Nilimfuata. Kwa kawaida angesema vyuma vile ni vyembamba, kazi ya haraka haraka. Siku hiyo hakuviona.

"Miaka yote natengeneza mageti," alisema, "halafu najifungia nje mwenyewe."

Nikamwambia alikuwa ananilinda, na hilo nalijua. Akasema nikamalizane na Funguo kesho, turudi nyumbani. Nikajisikia nasema kitu ambacho sikukipanga.

"Nyie nendeni. Mimi nabaki niiuze."

Kulikuwa na mzozo wa kutosha. Mwanangu alisema haiwezekani, mama yake akae peke yake katika nchi ambayo hajui hata kuomba chumvi. Alisema watu wa kwetu watasema kamtupa. Alisema nitaanguka bafuni. Somo yangu, ambaye kwa kawaida tunataniana yeye na mimi kwamba tumeolewa na babu mmoja, aliniuliza, "Mke mwenzangu, na lifti utapanda na nani? Si unafumba macho?" Nikamwambia nitapanda nimefumba. Alicheka, kisha akaanza kulia, akaingia chumbani.

Mkaza mwanangu alikuwa anaosha vikombe. Akavikausha vyote, akavipanga, ndipo akaja akasimama mlangoni mwa kibaraza.

"Mama akae," akamwambia mumewe. "Nani mwingine anaruhusiwa? Funguo ukimpa mamlaka yote, ataiuza kwa yeyote atakayemlipa yeye haraka." Kisha akanitazama mimi, moja kwa moja, jambo ambalo kwa heshima yake halifanyi mara nyingi. "Lakini usiiuze chini ya kile kiwango chao, mama. Ikipungua hata kidogo hatununui tena. Karakana hakuna, kiwanja hakuna. Tutakuwa tumebaki na masanduku."

Siku zilizobaki alinifundisha. Vitufe vya jiko alivipaka rangi ya kucha: nyekundu kwa kuwasha, ya zambarau kwa kuzima. Kwenye lifti akapaka nukta nyekundu kwenye kitufe chetu na nyingine kile cha chini, akiangalia nyuma kama mwizi. Alinisuka misuko midogo ya kudumu, na safari hii hakuikaza. Asubuhi ya kuondoka mwanangu aliniinamia akashindwa kuinuka, mkewe akambebea sanduku na kumshika mkono. Lifti ikajifunga. Nikarudi ndani nikaingia chumba kimoja baada ya kingine, nikakuta godoro la somo yangu bado lina joto. Nikakaa juu yake mpaka likapoa.

Nilivyokaa sitaeleza yote. Nilijifunza kununua mkate kwa kunyoosha kidole. Jirani wa mlango wa pili, mzee mwenye mbwa mdogo, alianza kunisalimia kwa lugha yao nami nikamjibu kwa yangu, na hakuna aliyelalamika. Funguo aliwaleta wateja. Walifungua makabati, wakavuta maji ya choo, wakagonga kuta kwa vifundo vya vidole, na mimi nimekaa kwenye kiti karibu na mlango, khanga mabegani, nikiwaangalia wakinitembelea.

Siku moja akaja na bwana mmoja na mkewe. Bwana alikuwa na futi ya kupimia, akaipima sebule mara mbili. Wakazungumza na Funguo dirishani. Funguo akanijia akachuchumaa mbele yangu kama mtu anayebembeleza mtoto anywe dawa. Alisema tumepata bahati, hawa wako tayari leo hii, ila bei itashuka kidogo. Nikamuuliza inashuka mpaka chini ya kiwango? Akasema kidogo tu. Nikamwambia hapana.

"Mama, nimeshaongea na mwanao," akasema. "Amekubali. Hana neno."

Nilihisi kiti kimezama. Nikamtazama machoni, nikaona hadanganyi. Mwanangu amekubali, wala hakuniambia.

"Hati ina jina la nani?" nikamuuliza.

"Lako, mama. Lakini hilo ni jina tu, sote tunaelewana."

"Yule karani hakusema ni jina tu," nikamwambia. "Mwanangu amefukuzwa nchi hii kwa ajili ya jina hilo. Mke wake, na mtoto wao, kwa ajili ya jina hilo. Leo linakuwa jina tu kwa sababu unataka kwenda kula chakula cha mchana?"

Bwana mwenye futi hakuelewa neno, lakini mkewe alimgusa kiwiko, wakasogea mlangoni. Nikainuka. Nikawafungulia mwenyewe, nikawaaga kwa kichwa. Funguo alitoka wa mwisho, akasema nitakaa humo mpaka niote mizizi. Nikamjibu nina kadi.

Mlango ulipofungwa, nikaegemea ukuta. Katika maisha yangu nimekuwa mwenye kiwanja, mwenye karakana, mwenye pikapu, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nimekataa kitu.

Nikapiga simu. Alipokea mkaza mwanangu. Nilisikia kikaushio cha nywele kikizimwa. Alikuwa amepata kibarua katika saluni ya mwenzake. Nikamuuliza kama ni kweli mume wake amekubali bei ile. Akaniambia hajui lolote, nisubiri, na nikasikia viatu vyake vikitembea, mlango, barabara, mlango mwingine. Kisha nikasikia pumzi ya mwanangu.

"Ni kweli, mama," akasema. "Silali. Kila nikifumba macho nakuona umeanguka humo, hakuna wa kukuokota. Ikipungua, ipungue. Tutaanza chini."

Nilitaka kumfokea nikashindwa. Nikamwambia chini tulishawahi kukaa, mimi na yeye, napakumbuka vizuri, na sitampeleka mjukuu wangu huko. Nikamwambia nimewafukuza wanunuzi, na Funguo nimemtoa pamoja nao. Nikamwambia wakija wengine na bei ya kiwango kile nitauza, wasipokuja nitakaa, na asimpe tena mtu yeyote jibu juu ya nyumba yangu.

Hilo neno la mwisho lilitoka lenyewe. Halafu nikasikia kicheko, si cha mwanangu. Mkewe alikuwa amemnyang'anya simu.

"Mama, umemfukuza Funguo?"

"Kwa heshima. Nimemfungulia mlango."

Akacheka tena mpaka akakohoa, na mimi hapo ukutani nikajikuta nacheka naye, machozi yananitoka. Alipotulia, sauti yake ilirudi kuwa ile ya siku zote, ya chini.

"Basi kaa hapo hapo, mama, usiteremke bei. Na siku ya kuandika hati nyingine, kalamu nashika mimi."

Nikamwambia aishike kwa mikono miwili.